Jinsi ya Kuzimudu Istilahi za Fasihi Kabla ya Karatasi ya Tatu

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Nne maana ya tashbihi, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: ni kulinganisha vitu viwili kwa kutumia viunganishi kama vile "kama", "mithili ya" na "mfano wa". Kisha mpe kifungu cha mistari kumi asichowahi kukiona, umwambie abainishe tamathali mbili zilizotumika humo. Utamwona akilitafuta neno "kama" kwa ncha ya kalamu. Akilipata anashusha pumzi, na asipolipata anaanza kubahatisha. Nimewafundisha wanafunzi wa aina hiyo kwa miaka mingi, na wengi wao hawakuwa wavivu hata kidogo. Madaftari yao yalijaa orodha za istilahi hamsini au sitini, kila moja na fasili yake iliyopigiwa mstari. Walichokosa ni mazoea ya kutoka kwenye sentensi kwenda kwenye jina, kwa kuwa orodha ilikuwa imewazoeza kutoka kwenye jina kwenda kwenye fasili, na mtihani hauulizi hivyo.

Maelezo haya yanamlenga mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za sekondari nchini Kenya, anayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, yaani 102/3, ingawa anayesoma Tanzania au Uganda atapata humu mengi yanayomhusu. Karatasi hiyo hufanywa kwa saa mbili na nusu na ina alama 80. Mtahiniwa hujibu maswali manne yenye alama 20 kila moja. Swali la kwanza ni la lazima, na matatu mengine huchaguliwa kutoka sehemu zilizobaki za riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi, pasipo kujibu maswali mawili ya sehemu moja. Istilahi hujitokeza katika sehemu zote hizo. Swali la dondoo, yaani nukuu fupi kutoka kitabuni, hudai muktadha, kisha mara nyingi huomba tamathali au mbinu za kimtindo. Swali la ushairi huomba bahari (aina ya shairi), muundo, toni, nafsineni (anayezungumza katika shairi) na uhuru wa mshairi (ruhusa ya kukiuka kanuni za lugha). Na fasihi simulizi ina msamiati wake wenyewe wa tanzu na vipera, yaani aina zake na matawi yake.

Kulisoma swali lenyewe

Kazi ya kwanza ni kujua swali linaomba kundi lipi la istilahi. Tamathali za usemi ni matumizi ya lugha ambamo neno au sentensi hupewa maana au nguvu isiyo ya kawaida yake: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, kinaya, kejeli, tasfida na jamaa zao. Mbinu za sanaa, ambazo baadhi ya vitabu huziita mbinu za kifani, ni ufundi wa kupanga na kusimulia kisa: kisengere nyuma (kurudi kwenye yaliyopita), utabiri, sadfa, taharuki, ndoto, barua, hadithi ndani ya hadithi. Mbinu za kimtindo ni jina la jumla linalobeba makundi yote mawili pamoja na mengine kama vile kuchanganya ndimi (lugha zaidi ya moja), mdokezo (kuacha usemi bila kuukamilisha) na matumizi ya methali na nahau. Swali likiomba tamathali nawe ukaandika taharuki, hoja hiyo haina pa kutuzwa alama, hata kama taharuki kweli imo katika kifungu na umeieleza kwa ufasaha.

Ni kweli kwamba vitabu vya kiada havikubaliani kuhusu mipaka ya makundi hayo. Takriri na balagha, kwa mfano, huwekwa na wengine chini ya tamathali na wengine chini ya mbinu nyingine za lugha. Mtahiniwa hana haja ya kuingia katika mjadala huo ndani ya chumba cha mtihani. Palipoombwa tamathali mbili na kifungu kina tashihisi, sitiari na takriri, anza na tashihisi na sitiari, ambazo hazina ubishi, na uiache takriri kwa siku itakapokosekana nyingine.

Tazama pia kitenzi cha swali. "Taja" hutaka jina. "Bainisha" hutaka jina pamoja na ushahidi kutoka katika kifungu. "Eleza" na "fafanua" hutaka jina, ushahidi na maelezo ya namna mbinu hiyo inavyofanya kazi. Alama zilizo kwenye mabano mwishoni mwa swali ni msaada mkubwa: tamathali mbili kwa alama 4 maana yake ni alama mbili kwa kila tamathali, na alama ya pili haipatikani kwa jina peke yake.

Kuandaa kadi badala ya orodha

Chukua karatasi ngumu, hata maboksi ya zamani, uzikate vipande vyenye ukubwa wa kiganja. Upande wa kwanza wa kila kadi usiandike jina la istilahi. Andika sentensi uliyoitunga wewe mwenyewe inayoitumia mbinu hiyo. Upande wa pili andika jina, alama ya kuitambulia, na mstari mmoja unaosema sentensi ingepungukiwa na nini kama mbinu hiyo isingekuwapo. Kadi ikikaa hivyo, kila unapoichukua unalazimika kufanya kile kile utakachofanya siku ya mtihani.

Sharti la kutunga sentensi mwenyewe si la kukuongezea kazi bure. Mfano wa kitabuni hukumbukwa kama ulivyo, na hapo ndipo hatari ilipo: mwanafunzi aliyezoea "Juma ni simba" huamini kwamba sitiari lazima iwe na "ni" katikati na mnyama mwishoni. Akikutana na "Simba huyo akanyamaza" ilhali anayezungumziwa ni mzee wa kijiji, anapita. Aliyejitungia sitiari tano tofauti, moja ikiwa na "ni", nyingine ikiwa tusi ("Ng'ombe wewe, ondoka hapa!"), nyingine ikiwa imo ndani ya kitenzi ("Maneno yake yalinichoma"), hapiti.

Usiandike kadi sitini kwa siku moja. Anza na kumi, uzichanganye, ujijaribu jioni, kisha keshokutwa, kisha baada ya wiki. Kadi unazozikosa zirudishe juu ya rundo, na zile unazozipata mara tatu mfululizo zipumzishe hadi mwisho wa mwezi. Mkiwa wawili ni bora zaidi, mmoja akisoma sentensi na mwingine akitaja jina na sababu, kwa maana mwenzako hatakubali jibu la "naona tu kama ni sitiari".

Majina mengine yanajieleza

Istilahi nyingi za fasihi zimetoka Kiarabu, na mwanafunzi huziona ngumu kwa sababu hajui kwamba jamaa zake wa karibu amekuwa akiwatumia kila siku. Tashbihi imo ndani ya "kushabihiana", yaani kufanana. Tashihisi ina uhusiano na "shakhsia": ni kukifanya kitu kiwe mtu. Takriri ni ndugu wa "kariri". Sadfa ni ndugu wa "sadifu", pale mambo mawili yanapokutana bila kupangwa. Taswira imetoka nyumba moja na "sura" na "kusawiri", na kwa hiyo ni picha inayochorwa akilini. Nidaa iko karibu na "kunadi" na "mnada", mahali ambapo watu hupaza sauti. Ukiona alama ya mshangao na hisia iliyopaa, jina limeshajitaja. Kutaharuki ni kupatwa na wasiwasi wa kutaka kujua litakalotokea, na taharuki katika hadithi ndiyo hiyo hiyo.

Hesabu za ushairi nazo ni hivyo. Tathlitha ni ya mishororo mitatu, yaani mistari mitatu katika ubeti, nawe unalijua neno "thelathini". Tarbia ni minne, kama "arubaini". Takhmisa ni mitano, kama "hamsini". Tasdisa ni sita. Tathnia ni miwili, nayo imejificha katika "thenashara", yaani kumi na mbili. Sijaona mwanafunzi aliyeonyeshwa jambo hili mara moja akarudi tena kukosea tarbia na takhmisa.

Kwa yale yasiyojieleza, tunga kumbukumbu yako hata kama haina msingi wa kiisimu. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba sitiari "hulisitiri" neno "kama", yaani hulificha neno la kulinganishia. Hiyo si asili ya neno; istiara kwa Kiarabu ni kuazima, na maana hiyo nayo ni nzuri kukumbuka, kwa sababu mzungumzaji anaazima jina la kitu kimoja akakivisha kingine.

Pacha wanaochanganywa

Hapa ndipo alama nyingi hupotelea. Istilahi moja moja haisumbui sana. Zinasumbua zinapofanana, na njia ya kuzitenganisha ni kuzisoma mbili mbili huku ukijiuliza swali moja linalozigawa.

Anza na neno "kama" lenyewe. Si kila "kama" ni tashbihi. "Kama utafika mapema, nisubiri" ni sharti. "Walifika watu kama mia mbili" ni makadirio. "Wachezaji kama yeye ni wachache" ni kutolea mfano. Na "Ana bidii kama dada yake" ni ulinganisho wa kawaida tu wa watu wawili. Tashbihi huwakutanisha wasio wa jinsi moja ili sifa ya mmoja imulike mwingine: "Alisimama wima kama mnazi." Vilevile kuna tashbihi zisizo na "kama": "ja", "mithili ya", "sawa na", "utadhani". Swali la kugawa ni hili: je, vitu viwili vya jinsi tofauti vinalinganishwa waziwazi?

Sitiari na jazanda huwatatiza hata wanafunzi wazuri, na taashira huja kuongeza utata. Katika sitiari, kitu kimoja kinaitwa kingine, na msomaji anakiona kinachozungumziwa: "Mama yetu ni nguzo." Katika jazanda, ulinganisho umefichwa na mara nyingi unaendelezwa kwa urefu, kiasi kwamba kinachozungumziwa hasa huenda kisitajwe kabisa. Mfanyakazi anayewaambia wenzake, "Chombo kinaingiza maji, nahodha amelala, na mabaharia wanagombania mbao," hazungumzii bahari. Anazungumzia kampuni yao. Taashira ni kitu kinachosimamia wazo, ama kwa makubaliano ya jamii, kama njiwa kwa amani na rangi nyekundu kwa hatari, ama kwa mazoea yanayojengwa ndani ya kazi yenyewe, kama mlango ambao kila mara mhusika akikata tamaa tunaonyeshwa umefungwa. Jiulize: je, kitu kimepewa jina la kingine, au kisa kizima kinazungumza kwa mafumbo, au kitu halisi kilichopo katika hadithi kinabeba wazo?

Kinaya na kejeli ni pacha wa pili. Kinaya ni kinyume: kinachotokea au kinachosemwa ni kinyume cha kinachotarajiwa. Kituo cha zimamoto kinateketea kwa moto. Mlinzi aliyeajiriwa kulinda ghala ndiye anayemfungulia mwizi. Katika tamthilia kuna kinaya kingine, pale hadhira inapojua jambo ambalo mhusika halijui, naye anasema maneno yanayomrudia. Kejeli, ambayo wengine huiita stihizai, ni dhihaka: kuna anayedharau na kuna anayedharauliwa. "Umefanya vyema kuchelewa, tungekosa mtu wa kumsubiri" ni kejeli, lakini imebebwa na kinaya cha usemi, kwa kuwa msemaji anasema kinyume cha anachomaanisha. Kumbe mbinu mbili zinaweza kukaa katika sentensi moja, na mtahiniwa anaruhusiwa kuitaja yoyote mradi maelezo yake yalingane na jina alilolitaja. Anayeandika "kejeli" kisha akaeleza kwamba jambo halikutarajiwa amejikanusha mwenyewe.

Majazi na lakabu yote mawili ni majina. Majazi ni jina la mhusika au mahali ambalo mwandishi amelichagua lilingane na tabia au hali yake, bila wahusika wenyewe kulizingatia. Lakabu ni jina la kupanga ambalo mhusika amejipa au amepewa na wengine ndani ya hadithi kwa sababu ya sifa fulani. Kwa kifupi, uliza ni nani aliyempa jina hilo.

Ritifaa na uzungumzi nafsia hutofautishwa na anayesemeshwa. Katika ritifaa, msemaji anamwita aliyekufa au asiyekuwapo, au kitu kisichosikia, kana kwamba kipo mbele yake: "Ewe baba, ulituachia nani?" Katika uzungumzi nafsia hakuna anayeitwa, mhusika anajisemea mwenyewe, na sisi tunasikia.

Takriri ni kurudia neno au kifungu kwa makusudi ya kusisitiza: "Alingoja, akangoja, akangoja." Maneno kama "polepole" na "mbalimbali" si takriri, yamezaliwa hivyo. Kinachorudiwa kikiwa muundo wa sentensi na si neno lenyewe, hiyo ni usambamba: "Waliolima wamevuna, waliopanda wamekula, waliolala wamelia." Na urudiaji wa "si" ili kuonyesha ukubwa wa jambo, kama katika "Si wazee, si vijana, si watoto, wote walitoka," huitwa tabaini.

Zilizobaki hazihitaji muda mrefu. Chuku ni kutia chumvi kupita kiasi. Tasfida ni kulisitiri jambo zito au la aibu kwa maneno ya adabu: "kujifungua", "kwenda haja". Tanakali za sauti ni "pu", "tifu", "chubwi", na zile za kutilia nguvu sifa: kimya ji, giza totoro. Balagha ni swali lisilongoja jibu, na mhusika mwingine akilijibu kwa uzito, jichunge kabla ya kuliita hivyo. Sadfa si kila makutano. Ni makutano yasiyopangwa ambayo yanageuza mkondo wa kisa.

Zoezi juu ya kifungu

Soma kifungu kifuatacho, ufunike aya inayokifuata, uandike mbinu zote unazoziona.

"Njaa ilibisha hodi kwa Mzee Kombo mwezi wa pili wa kiangazi, ikaingia bila kukaribishwa, ikaketi. Ghala lilikuwa jeupe pe. Watoto walikonda wakawa kama njiti za kiberiti, na mama yao, aliyekuwa nguzo ya boma lile, akaanza kupata nyufa. Nani angemlaumu? Wakati huohuo chifu alikuwa barazani akiwahimiza watu wasile kupita kiasi kwa ajili ya afya zao."

Njaa inabisha hodi na kuketi: tashihisi. "Pe" ni tanakali inayotilia nguvu weupe, na weupe wenyewe ni utupu wa ghala. Njiti za kiberiti zinaletwa na "kama": tashbihi, yenye chuku ndani yake. Mama ni nguzo: sitiari, lakini tazama "kupata nyufa", ambako sitiari haikuishia kwenye jina bali imeendelea hadi kwenye kitenzi, ikianza kuegemea jazanda. "Nani angemlaumu?" ni balagha. Hotuba ya chifu ni kinaya cha hali, maana anawaonya wenye njaa wasishibe mno. Mwanafunzi aliyezipata nne yuko pazuri. Aliyepata tashbihi na balagha pekee bado anawinda alama za nje, yaani "kama" na kiulizi, na anahitaji kurudi kwenye kadi zisizo na alama hizo.

Fanya zoezi hili kila siku kwa aya moja ya kitabu chochote cha kiada, au hata kwa taarifa ya michezo gazetini. Waandishi wa michezo ni mabingwa wa chuku na sitiari, na timu "kuchinjwa" au "kuzamishwa" ni mazoezi ya bure.

Ushairi unahitaji vidole

Katika swali la ushairi, kutambua hakutoshi, lazima uhesabu. Chukua ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya zoezi:

Kalamu nimeishika, karatasi mbele yangu,
Majina yamiminika, mifano yakosa kwangu,
Saa nayo yanicheka, ukutani juu yangu,
Mwalimu aliyasema, sikutia akilini.

Mishororo ni minne, basi ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, basi kwa kigezo cha vipande ni mathnawi. Hesabu mizani, yaani silabi za kila kipande, kwa kusoma polepole ukigonga meza: ka-la-mu-ni-me-i-shi-ka ni nane, ka-ra-ta-si-mbe-le-ya-ngu ni nane. Angalia kwamba "mbe" na "ngu" ni silabi moja kila moja, ilhali "m" ya "mwana" imefungamana na "wa" na ile ya "mti" inasimama peke yake. "Saa" na "juu" zina silabi mbili mbili. Makosa ya mizani karibu yote hutokana na mambo hayo matatu.

Vina, yaani silabi za mwisho za vipande, ni "ka" na "ngu" katika mishororo mitatu ya kwanza, kisha "ma" na "ni" katika wa mwisho. Mshororo huo wa mwisho ukirudiwa katika beti zinazofuata ni kibwagizo, au kiitikio. Ukibadilika kila ubeti ni kiishio. Je, bahari kwa kigezo cha vina ni ipi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa ubeti mmoja, na huo ni mtego. Mtiririko ni pale vina vya vipande vyote vinapobaki vilevile kutoka ubeti hadi ubeti. Ukara ni pale vya upande mmoja vinapobaki na vya upande wa pili vinapobadilika. Ukaraguni ni pale vinapobadilika vyote. Bila kuziangalia beti zote, usitaje yoyote. Kumbuka pia kwamba shairi moja lina bahari kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja kwa kigezo chake, na hivyo jibu kamili husema: "Ni tarbia kwa sababu lina mishororo minne katika kila ubeti."

Kuhusu uhuru wa mshairi, soma inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi kwa mfano mmoja mmoja. Inkisari hupunguza silabi ("alonipa" kwa "aliyenipa"). Mazida huongeza ("enenda" kwa "enda"). Tabdila hubadili silabi bila kuathiri hesabu. Kuboronga sarufi hupindua mpangilio wa maneno ("mwangu moyoni"). Tahadhari moja: "yanicheka" katika ubeti ule si inkisari, ingawa wengi wangekimbilia kuiita hivyo. Ni wakati uliopo wa kiambishi "a", na ni Kiswahili sanifu kabisa.

Kuliandika jibu

Jibu dhaifu huandikwa hivi: "Tashihisi – njaa." Jibu linalostahili alama zote huandikwa hivi: "Tashihisi: 'Njaa ilibisha hodi... ikaingia bila kukaribishwa, ikaketi.' Njaa imepewa uwezo wa binadamu wa kubisha hodi na kuketi, jambo linaloonyesha kwamba haikuwa njaa ya kupita bali ilikuja kukaa." Jina, dondoo, maelezo. Dondoo liwe fupi na liwe ndani ya alama za kunukuu, na maelezo yazungumzie kifungu hicho hasa. Maelezo ya aina ya "imetumiwa kupamba kazi na kumvutia msomaji" yanaweza kubandikwa juu ya mbinu yoyote katika kitabu chochote, na kwa hiyo hayasemi kitu.

Usiitumie sentensi moja kama ushahidi wa hoja mbili ikiwa kifungu kina sentensi nyingine. Ukiombwa mbinu nne, andika nne ulizo na uhakika nazo zaidi, kila moja katika aya yake au kwa nambari ya Kirumi, na usiongeze ya tano na ya sita kwa kubahatisha, kwa sababu zinakula muda ambao swali la riwaya litaudai.

Majina yanayobadilika mpakani

Anayesoma vitabu vya Kenya na vya Tanzania ajue kwamba istilahi hazikuvuka mpaka bila kubadilika. Tashbihi ya Kenya ni tashbiha Tanzania. Tasfida ni tafsida. Chuku ni mubalagha. Na swali la balagha huitwa tashtiti. Istiara huwa kisawe cha sitiari katika baadhi ya vitabu, na katika vingine ni kisa kizima chenye maana ya pili iliyofichika. Hakuna ubaya wa kuyajua majina yote, lakini katika karatasi yako tumia yale yaliyomo katika vitabu vya silabasi yako, na usichanganye mawili katika jibu moja ukidhani yatatuzwa mara mbili.

Siku yenyewe

Saa mbili na nusu ni dakika 150. Ukiyapa maswali manne dakika 35 kila moja, zinabaki kumi za kusoma karatasi mwanzoni na kupitia majibu mwishoni. Katika dakika za mwanzo, kabla ya kuchagua kati ya ushairi na sehemu nyingine, hesabu haraka ni vipengele vingapi vya swali la ushairi vinavyodai istilahi na ni vingapi vinavyodai ufahamu, kama vile kuandika ubeti kwa lugha ya nathari, yaani maelezo ya kawaida yasiyo ya shairi. Mwenye kadi zilizokaa sawa hunufaika na vya kwanza. Ukikwama kwenye jina la mbinu huku unaiona kazi yake wazi, acha nafasi ya mstari, andika dondoo na maelezo, uendelee. Mara nyingi jina hurudi lenyewe unapokuwa katikati ya swali la fasihi simulizi, nawe utarudi kulijaza.